Zile Spika Kubwa Ulizosema Nazipenda

Baba,

Nimekukasirikia. Naanza hapo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, na wewe hukupenda mtu anayezunguka.

Hii ni wiki ya tisa tangu tukuzike kule Bahati, kando ya Cucu, mama yako. Wiki sita za kwanza nilikulilia vizuri, kama binti anavyomlilia babake. Tangu hapo nimeshindwa. Jumapili nilifika kaburini nikiwa na maneno tayari, nikasimama, mama mmoja wa pale jirani akapita na mzigo wa kuni akanisalimia, nikamwitikia na kurudi nyumbani bila kusema lolote. Kwa hivyo naandika.

Nimefungua kile kisanduku chako cha swichi, cha kubadilisha spika. Wewe unajua nilichokikuta ndani. Lakini nitaeleza polepole, maana nataka nijisikie mwenyewe nikieleza.

Pale sebuleni kwetu Lanet kulikuwa na jozi mbili za spika tangu nipate akili. Zile kubwa ulizitengeneza kwa mikono yako, kwa mbao za Elburgon, na koni zake ulizitoa katika ukumbi wa dansi uliofungwa kule Gilgil. Zile ndogo ulipewa na mwalimu mmoja aliyekuwa anahama, zikiwa zimefungwa kwa gazeti. Ukaziweka juu ya vigoda katikati ya zile kubwa, zikawa kama watoto waliosimama na wazazi wao wapigwe picha. Watu walikuletea redio kutoka mpaka Njoro, na hakuna aliyeambiwa redio yake ina shida gani kabla hajaketi kwanza akasikiliza spika zako.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Jumamosi mchana, nikimaliza kufua sare ya shule, uliniita. Ulikuwa umezifunika zote nne kwa lile pazia la kijani la Mama. Uliniketisha kwenye kigoda, mahali ulipochora alama ya chaki sakafuni, magoti pamoja, mgongo wima. "Mami, funga macho hata kama kuna pazia." Halafu, "Ya kwanza." Swichi ikalia tak. "Ya pili." Tak. Mimi nikasema ile iliyokuja mbele, ile yenye nguvu. Ukavuta pazia, zikawa zile kubwa. Kila Jumamosi zile kubwa. Ulitoka mpaka mlangoni ukamwambia yeyote aliyekuwa anapita njiani, "Mami amesema."

Uliniita Mami kwa sababu nina jina la mama yako. Kwetu ndivyo ilivyo, binti wa kwanza ni nyanya yake amerudi. Hukunichapa hata siku moja. Kariuki mdogo wangu alipigwa kwa makosa yake na mara nyingine kwa yangu, na wewe ukasema mtu hampigi mamake. Nilidhani nina bahati.

Sasa nikuambie hiyo "Mami amesema" imenifanyia nini. Nilipoolewa, kitu cha kwanza tulichonunua baada ya kitanda ni wufa, spika ya besi, ile ya kutetemesha vikombe kabatini, kwa sababu wewe ulimwambia mume wangu kwamba mke aliyempata ni mtu wa besi. Nikiiwasha, dakika kumi tu kichwa kinaanza kugonga. Nazima. Jumapili nyingine naiwasha tena, nazima tena. Mwishowe niliifunika kitambaa nikapanga picha za watoto juu yake. Pale agrovet ninapouza dawa za kuku, wenzangu huimba na redio, mimi naendelea kuhesabu paketi za mbegu. Wakiniuliza nasema mimi si mtu wa muziki. Binti wa fundi wa redio. Nimesema hivyo miaka mingi, Baba, mpaka nikaona ndivyo nilivyoumbwa, kama mtu asiyekula maini.

Siku ya mazishi yako walileta mnara wa spika kutoka mjini. Mshereheshaji akaomba watu wa nyuma wainue mikono kama wanasikia, na hakuna aliyeinua, kwa sababu hata hilo ombi halikusikika. Ilikuwa ni mngurumo tu. Mama alisoma wasifu wako kwa miwani yake iliyofungwa uzi, na yote aliyoyasema kukuhusu yakatoka kama lori linalopanda mlima. Nilitaka kuinuka nikang'oe nyaya. Shangazi mmoja alinishika mkono akaniambia, "Vumilia, babako angezipenda, si ni kubwa." Nikavumilia. Nilikuwa bado naamini kwamba sisi wawili ndio watu wa spika kubwa.

Basi tukapanga Jumamosi ya kugawana vitu vyako: koti, saa, vyombo vya kazi, redio ambazo wenyewe hawakurudi. Kariuki akanipigia simu kutoka Mai Mahiu, pale anapoziba matairi ya malori. Akasema, "Wewe ni wa zile kubwa, hiyo haina mjadala. Mimi nipe hizo ndogo nizitundike nje ya karakana, wateja wasiboeke." Nikamwambia sawa. Nikaweka simu chini, na kitu kikaniuma ambacho sikukijua jina. Nilizifikiria zile ndogo kando ya barabara, zikila vumbi na moshi, na vijana wakizipandisha sauti mpaka zipasuke. Wiki moja hazingemaliza. Nilijiuliza inanihusu nini. Mimi si ni Mami.

Jumanne niliomba ruhusa kazini nikaenda Lanet. Nilisema naenda kumsaidia Mama kupanga nguo zako. Ukweli ni kwamba nilitaka kuzisikia zote mara moja kabla hazijatengana. Niliwasha amplifaya, nikaiacha ipate joto kama ulivyotaka, nikaweka ile kaseti uliyowarekodi akina mama wa kanisa wakifanya mazoezi ya kwaya. Swichi ikakwama. Kulia inaongea, kushoto inakwaruza. Nikachukua bisibisi, pamba na spiriti, nikafungua kisanduku niisafishe kama nilivyokuona ukifanya mara mia.

Ndani kulikuwa na nyaya nne. Nyaya za kwenda kwa zile kubwa zilikuwa safi. Za kwenda kwa zile ndogo zilikuwa na rezista, moja kila upande, nyeupe kama kipande cha chaki, zimeungwa kwa risasi ya kulehemu, ile nadhifu ambayo hakuna fundi mwingine Nakuru aliyeweza. Nilikulia chini ya meza yako. Rezista naijua. Naijua kazi yake pia, inapunguza sauti.

Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akisikilizishwa spika mbili, ile inayopiga kwa sauti ya juu kidogo ndiyo ataipenda, hata kama ni mbovu, na hatajua kwa nini. Uliwafokea mafundi wenzako kwa jambo hilo. Ulisema muuza spika mwongo haongei uongo, anagusa tu kitufe cha sauti. "Sawazisha kwanza, ndipo ulinganishe." Hayo ni maneno yako. Zile kubwa zina kelele kwa asili yake. Ungekuwa mkweli, rezista ungeiweka upande wake ili zilingane na zile ndogo. Wewe uliiweka upande wa zile ndogo. Ukazifunga mdomo, halafu ukaniketisha kwenye kigoda, mtoto, ukaniuliza ni nani anaongea vizuri.

Nilizikata zote mbili kwa koleo. Nikaunga nyaya, nikasafisha swichi, nikatumia simu kupima sauti mpaka jozi zote zikawa sawa, nikaweka alama mbili za penseli kwenye kitufe cha sauti cha amplifaya, moja ya kubwa, moja ya ndogo. Mama akaingia na chai akanikuta sakafuni na bisibisi mdomoni. Akasema, "Hata wewe? Nilidhani nimeshazika fundi."

Nikamwomba anisaidie. Nilimwonyesha swichi na zile alama, nikaketi, nikafunga macho. Sikuhitaji pazia, ningefunga macho mpaka yaume. Mama akavuta kiti chako karibu akaketi juu yake kama chifu. "Haya, bosi. Ya kwanza." Tak. "Ya pili." Tak. Alibadilisha ovyo ovyo, mara nyingine akasema amebadilisha na hakubadilisha, akacheka peke yake. Lakini mimi sikuwa nacheka. Baba, upande mmoja kulikuwa na kwaya iliyoimba ndani ya pipa. Walikuwa wanawake ishirini lakini nilisikia mama mmoja mnene. Upande mwingine niliwasikia wote. Nilimsikia yule mwimbishaji akivuta pumzi kabla ya kuanza. Nilisikia karatasi ikifunguliwa. Nilisikia mtu akimeza mate. Kwenye safu ya nyuma nilimsikia Mama, sauti yake ya ujana, ikichelewa kidogo nyuma ya wengine kama anavyochelewa mpaka leo, na yeye mwenyewe alikuwa hapo mbele yangu na kikombe cha chai.

Mara kumi alibadilisha. Mara kumi nilichagua jozi ileile. Kichwa hakikugonga. Ningeketi hapo mpaka jioni.

Nilipofungua macho Mama hakuwa ameshangaa. Alisema, "Ndogo. Ndizo ulichagua hata siku ya kwanza."

Nilimuuliza siku gani, na kabla hajajibu ikanijia. Nilikuwa na miaka sita. Soksi moja ilikuwa imeteremka na niliogopa kuinama kuivuta kwa sababu uliniambia nisitikisike. Ukasema ya kwanza, ukasema ya pili, na mimi nikasema, "Hii ya pili inaongea na mimi." Ukavuta pazia. Uliangalia zile ndogo. Halafu ukatoka nje, ukasimama kwa banda la kuku muda mrefu, na ugali wako ukapoa mezani. Nilijua nimekosea kitu. Nilienda kulala nikijiambia nitasikiliza vizuri zaidi. Jumamosi iliyofuata ulinijaribu tena, nikasema ile yenye nguvu, na ukanirusha juu mpaka kichwa kikakaribia dari. Nilifurahi, Baba. Niliamini nimejifunza.

Mama alinieleza yaliyobaki akiwa anaosha vikombe, bila kugeuka. Wakati unazitengeneza, Cucu alikuwa anaishi nanyi. Siku ulipomaliza kupaka vanishi ulimwita mama yako aje aone. Alizizunguka mara moja kama anazunguka majeneza, akauliza, "Na ni akina nani hao wawili waliokufa?" Akachukua kiti chake akaenda jikoni, na tangu siku hiyo zikiwa zinaimba yeye hakuketi sebuleni. Ulijaribu nyimbo za dini, ulijaribu taarifa ya habari, hakuja. Alikufa hivyo. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi, nikapewa jina lake.

Mama akasema, "Babako hakuwa anakuuliza wewe. Alikuwa anamuuliza mamake. Aliniambia ninyamaze, nami nikanyamaza, kwa sababu alikuwa anafurahi."

Nilitoka nje nikasimama kwenye karo ya kufulia, nikafungua maji yakamwagika bure. Mimi si mama yako. Sikuwa mama yako hata siku moja. Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza mwenye soksi iliyoteremka, na niliulizwa swali nikalijibu kwa ukweli, na jibu langu likakuumiza, na badala ya kuumia kama mtu mzima ulienda kwenye meza yako ukalirekebisha sikio langu kwa risasi. Mtu akijiuliza anapenda nini anaanzia pale alipojibu mara ya kwanza. Wewe ulipaharibu pale. Halafu ukapita njia nzima ukitangaza.

Najua ulikuwa na uchungu. Najua jinsi mtu anavyotaka mamake amwambie umefanya vizuri. Mimi pia nilitaka babangu aniambie hivyo, na uliniambia, kila Jumamosi, kwa jibu ambalo halikuwa langu. Ndiyo maana nashindwa kukusamehe haraka. Ungenipiga ningesahau.

Jumamosi ilifika. Kariuki alikuja na pikapu ya rafiki yake. Tulianza na koti, akalivaa akatembea kama wewe, mkono mmoja mgongoni, Mama akacheka mpaka akafuta macho. Saa akapewa yeye. Mimi nilichukua ule mkebe wa visikrubu, sijui kwa nini. Halafu Mama akasema sasa spika, na mimi Wangari ndiye kifungua mimba, nichague kwanza.

Kariuki alikuwa ameshasimama kando ya moja ya zile kubwa akiikumbatia, tayari kuibeba. "Mami, mlango wako una upana gani? Ama tutoe ukuta?"

Nikasema, "Nachukua zile ndogo."

Akacheka. Akaniangalia, akaacha. "Wewe? Si ni wewe uliyesema?"

"Baba ndiye aliyesema. Mimi nilikuwa nimeketi tu."

Nilidhani atanibishia. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa hata nimeweka zile rezista kwenye mfuko wa sweta nimwonyeshe. Lakini Kariuki alibaki amekumbatia lile sanduku, shavu kwenye mbao, na akauliza polepole, "Kwa hivyo hizi ni zangu?" Mama akamwambia ni zake. Akauliza tena. Halafu akasema, "Mimi hakuna siku aliniita kwa hicho kigoda. Nilikuwa naketi jikoni na mlango wazi nisikie. Zile ndogo hata sizipendi. Niliomba hizo kwa sababu hizi zilikuwa za Mami."

Baba, ulisikia hayo? Nilihisi hasira yangu ikipata miguu mingine. Ulikuwa naye. Ulikuwa na mtu ndani ya nyumba yako aliyezipenda zile spika kwa moyo wake, bila rezista, bila kurushwa juu, akila githeri jikoni kulekule alikokimbilia Cucu, na hukumuuliza kwa sababu jina lake halikuwa la mama yako. Wewe ulikuwa unangoja jibu kutoka kwa mtu aliyekufa na ukalipita lililokuwa hai. Ulimchapa. Na yeye alikuwa anakusikiliza.

Sikumwonyesha zile rezista. Nilizitupa.

Yaliyobadilika ni haya. Mama ameleta makochi mawili pale zilipokuwa zile kubwa, na sasa wageni wanaketi wakitazamana. Zile ndogo ziko kwangu. Nikitoka kazini nabadilisha viatu, naweka chai, naketi mbele yake kabla ya kupika, nusu saa, na watoto wamejifunza kunipita taratibu. Mume wangu aliuliza kama naumwa. Nimegundua napenda sauti ya mtu mmoja na gitaa, karibu, kama anaimbia mtu aliye chumba hichohicho. Nimegundua sipendi ngoma nzito. Nina miaka thelathini na minane, na mambo haya madogo nayajua sasa hivi. Juzi pale agrovet redio iliimba nami nikaitikia bila kujua, na yule msichana wa kaunta akaacha kufunga mbegu akaniangalia.

Wiki iliyopita Kariuki alinipigia. Ameziweka zile kubwa ndani ya karakana, hakuzitundika nje, amezijengea jukwaa la mbao ili maji yakiingia yasizifikie. Anasema madereva wa malori wanazima injini wasikilize. Akaiweka simu mbele ya moja, akaniacha hapo wimbo mzima, halafu akarudi akauliza, "Umesikia? Zinasikika aje?"

Nilikuwa nimesikia mvumo tu, kama nyuki ndani ya kopo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, tamu, rahisi, lile ambalo wewe ungelisema. Nikamwambia, "Kwa simu hazisikiki, Kariuki. Nitakuja."

Nitaenda Jumapili hii baada ya kanisa. Nitaketi pale kwenye harufu ya mpira na grisi, nisikilize mpaka yeye aseme inatosha. Akiniuliza kama nazipenda nitamwambia hapana. Halafu nitamuuliza yeye anasikia nini, na nitamwacha aongee mpaka amalize, kwa sababu nadhani hajawahi kuulizwa.

Nakuacha hapo, Baba. Sijamaliza kukukasirikia, na sitajifanya nimemaliza ili ulale vizuri. Siku nitakayomaliza nitakuja Bahati nikuambie kwa mdomo wangu, hata kukiwa na watu wanapita. Mpaka hapo jua tu kwamba nakumbuka ulivyonirusha juu, na kwamba hilo nalo linaniuma.

Binti yako,
Wangari